Tangawizi ya Mama Ndani ya Chupa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Mama Mkubwa alipanda basi la asubuhi kutoka Kibakwe, akaja hadi maabara niliyofanyia kazi hapa Dodoma, akasimama mlangoni na vumbi lake. Nilikuwa msichana bado. Mama yangu alikuwa amezikwa wiki chache tu zilizopita, na huyu ndiye dada yake. Nikampa shikamoo, hakuitikia.

"Nimefuata mbegu ya mdogo wangu," akasema.

Nyumbani kwetu, mama akifa, dada zake hugawana mbegu zake na kuzipanda msimu uleule. Lakini tangawizi ya mama ilikuwa imebaki tunguu moja zima. Mashamba yetu yote yaliingiwa na mnyauko. Ukivuta shina linakuja mkononi, limeoza, linanuka. Siku ya kuanua tanga nililichukua tunguu lile mbele ya watu wote, nikasema kwenye udongo ule haliendi.

Nilikata vijicho vyake vya kuchipulia, nikavisafisha kwa dawa, nikavitia kwenye chupa zenye chakula cha mmea kilichoganda kama uji wa jana. Karibu chupa zote ziliota ukungu. Nililia, sikufichi. Moja ikabaki safi, na ndani yake kitu cha kijani, chembamba kama uzi.

Mama Mkubwa akaitazama chupa ile.

"Umemfungia mdogo wangu humu? Mmea usiojua udongo! Lete, nikaupande nyumbani."

"Sikupi, Mama Mkubwa. Ukiutoa leo utakauka njiani. Na usipokauka, shamba lile litauozesha."

"Unanibishia mimi?"

"Ndiyo, Mama."

Kwa Wagogo, mtoto hamwambii hivyo mama yake mkubwa. Akanipiga marufuku kukanyaga kwake, na sikukanyaga mpaka anafariki. Iliniuma, na bado inaniuma, lakini sijutii hata kidogo.

Kile kiuzi nilikigawa, nikakigawa tena, mpaka rafu ikajaa. Kisha nikaitoa miche chupani, nikaifunika kwa nailoni izoee hewa polepole, nikaipanda Nzuguni, hapa hapa mjini, kwenye udongo usiowahi kuona tangawizi. Sasa watoto wa Mama Mkubwa hunijia kuomba mbegu, nami nawapa. Wa kwanza alivunja kipande, akakinusa, macho yakamjaa machozi.

"Dada, hii ni ya Mama Mdogo kabisa!"

"Ni yenyewe," nikamwambia. "Haikufa."

Basi sikia, mwanangu. Wakubwa waamkie, wapishe kiti, wabebee mizigo. Lakini mkubwa akikutaka uue kilicho hai ili moyo wake utulie, mkatalie. Mkatalie usoni pake, kwa sauti ya chini, na usiache kumwita Mama. Atakayekununia, mwache anune. Nakubariki kwa moyo wangu wote: Mungu akulinde, akujalie umri mrefu, na akupe shingo ngumu.