Kutoka Suhar kwa Njia ya Pwani

Magari sikuyapenda hata siku moja. Wanaosimulia mashindano ya magari kana kwamba ni harusi, naona hawajapata kusukuma lori mchangani. Mimi nimesukuma. Ilikuwa mwaka wa pili tangu tutoke Unguja, na tulikuwa tumechoka hata kabla ya kuondoka.

Tajiri mmoja wa Matrah, mji wa bandari tuliohamia, alikuwa na malori mawili mabovu, na moja jipya lililongoja dereva. Waliolitaka walikuwa wawili: shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliyeendesha gari la shamba Unguja miaka mingi, na dereva mmoja mzaliwa wa Batina, pwani ya Suhar. Tajiri alikuwa mtu wa mzaha. Akawaambia wapakie ndimu kavu Suhar, kila mmoja kwenye bovu lake, waondoke pamoja baada ya sala ya alfajiri, na atakayetangulia kufika Matrah ndiye atakayepewa lori jipya. Wa nyuma atafute kazi kwengine, maana yale mabovu yatauzwa. Dada yangu alikuwa mjamzito, tumebanana sote chumba kimoja, kwa hiyo mzaha ule haukunichekesha.

Barabara hazikuwepo zamani hizo. Njia ya juu ilikuwa mawe, vumbi na mabonde, na mwenzetu akaishika hiyo hiyo taratibu. Mwenda pole hajikwai, lakini sisi subira hiyo hatukuwa nayo. Shemeji, nami nimekaa ubavuni mwake kumsaidia, akateremka pwani, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Shemegi, mie nnayajua maji," alinambia. "Leo mwezi kumi na tano, mwezi mpevu. Ikifika saa nne yatakuwa yamekupwa huko mbali, tutapita kama kwenye lami."

Nikakubali, kwani Unguja ndivyo yalivyo. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Tulikwenda mbio, na kwa kitambo kidogo nilifurahi. Lakini kadiri jua lilivyopanda ndivyo mchanga ulivyopungua. Shemeji akasema ni mawimbi tu. Saa nne bahari ilikuwa imejaa pomoni, lori limedidimia, maji ya chumvi yameingia kwenye injini. Nilisukuma, nikasukuma tena, kisha nikakaa mle mle majini nikalia kwa uchovu.

Watu wa mashamba ya mitende walituvuta kwa ngamia. Mmoja wao akasema kwamba katikati ya mwezi maji yao hujaa saa hizo hizo siku zote, akauliza sisi ni watu wa wapi.

Tulifika Matrah siku ya pili, tumekokotwa na lori la watu. Lile jipya lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe. Tajiri hakututukana, akaendelea na kahawa yake.

Nyumbani tulikuwa na maneno yetu ya kila siku, kwamba hali ikitulia tutarudi kwetu. Shemeji ndiye aliyeyasema zaidi kuliko sote. Asubuhi yake akaniambia nimfuate, tukamkuta yule mshindi anaosha lori lake. Nilidhani watagombana. Shemeji akamwamkia, wakaulizana hali, kisha akamwambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga:

"Nifundishe maji yenu."

Yule mtu akaweka kitambaa chini, akaanza kumweleza. Nikawaacha pale pale nikaenda kukaa peke yangu, na moyo uliniuma, kwa sababu hapo ndipo nilipofahamu kwamba haturudi.