Mama Mkubwa alipokataa kunisawazishia ukuta wa mihrabu

Assalaam alaykum wakuu. Na wasiotumia salamu hii, nawaamkia kwa heshima zote.

Nimesoma humu uzi wa kijana anayesema ana miezi mitatu hajachora kitu, kila akishika penseli mkono unagoma. Wengine mmempa pole, wengine mmemcheka.

Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinifika mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana kwa umri huu sina ninayemtafutia sifa.

Nilizaliwa upande wa Ruangwa, nikasoma chuo cha Kurani huko huko. Mwalimu wetu alitufundisha kuandika kwenye ubao kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Akaona mkono wangu ni mwepesi, akanipa kazi ya kupamba kingo za mbao za wanaohitimu. Maua, majani, nyota. Viumbe vyenye roho hatukuchora.

Nilikuwa siwazi. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikahamia Naipingo kwa Mjomba Hassani. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake.

Hapo kijijini walikuwa wamejenga msikiti wa miti na udongo. Wazee wakataka mihrabu, pale anaposimama imamu, ipambwe kabla ya Maulidi, na wakataka kuita fundi kutoka Lindi. Mjomba akasimama.

"Fundi ninaye nyumbani," akasema. "Anakula ugali wangu kila siku."

Wakacheka, lakini wakakubali. Wageni wangetoka Kiegei, Mkotokuyana, hadi Ruangwa, na mwalimu wangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo heshima ya mjomba ilikuwa mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipojiharibia.

Nilikwenda Nachingwea kununua penseli. Mji ulikuwa unakua haraka siku zile, matrekta yanang'oa misitu kwa ajili ya mashamba ya karanga. Katika duka moja kulitundikwa kalenda yenye picha ya msikiti wa nchi za mbali. Mistari imenyooka, pembe zote sawasawa. Niliitazama mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kununua au kuswali.

Nikanunua penseli, na rula juu yake.

Wakuu, tangu siku ile mkono ulikufa.

Nikiweka rula kwenye udongo mbichi, inaondoka na udongo. Nikichora bila rula, naona mstari umepinda kuliko ule wa kalenda, nafuta. Nikifuta, ukuta unachimbika, inabidi ukandikwe upya.

Na waliokandika walikuwa akina mama, wakiongozwa na Mama Mkubwa Somoe, dada yake mama yangu. Mwaka ule Maulidi yaliangukia mwisho wa kiangazi. Mto umekauka, maji yanachimbwa kwenye mchanga na kuchotwa kata kwa kata.

Nilifuta mara tatu. Mara tatu walibeba maji. Mimi niliona ukuta tu, na nilikuwa nawaambia, "Sawazisheni zaidi, bado kuna alama za vidole."

Zikabaki siku nne kufika Maulidi. Mzee mmoja akamtania mjomba mbele za watu, "Hassani, fundi wako bado anakula?" Usiku ule mjomba alinisogezea sahani ya ugali kama kila siku. Ugali ule uliniumiza kuliko fimbo.

Niliomba kila baada ya swala, nikimsihi Mungu anipe mstari ulionyooka.

Nilipofuta mara ya nne, Mama Mkubwa alikuja peke yake na ndoo moja. Akakandika haraka, vidole vimetanuka, ukuta wote ukajaa mapinde ya vidole, alama zilizojikunja kama upinde.

"Mama, hujasawazisha," nikasema.

"Sisawazishi tena. Maji yako yameisha, yaliyobaki ni ya kupikia wageni."

"Sasa nitachora wapi?"

"Mimi nimeshachora. Wewe kama huna la kuongeza, acha hivyo hivyo. Wageni wataswali tu."

Akanawa mikono kwa maji ya mwisho ya ndoo, akaenda zake.

Nilikaa chini na hasira zangu. Kisha, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama, nikayatazama yale mapinde. Yalikuwa yamelaliana kama majani ya mgomba. Nikachovya kidole kwenye udongo mweupe niliouweka tayari kwa kupakia rangi, nikafuata pinde moja hadi mwisho, nikaliwekea ua. Nikafuata la pili.

Adhana ya alasiri ilinikuta nimefika nusu ya ukuta. Penseli sikuigusa. Rula niliitumia kukorogea udongo.

Siku ya Maulidi mwalimu wangu alisimama mbele ya mihrabu, akaifuata kwa macho kutoka chini hadi juu.

"Mkono wako naujua," akasema. "Lakini hapa pana mkono mwingine. Wa nani?"

"Wa Mama Mkubwa Somoe."

Mbele ya watu wote akaiombea mikono yake, kwa kumtaja jina. Mjomba akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama Mkubwa alikuwa nyuma kwenye masufuria. Alipoambiwa, akajibu, "Basi na yeye akija mwakani abebe ndoo."

Kijana, niliomba mstari ulionyooka, nikapewa ukuta wenye alama za vidole, na hadi leo namshukuru Mungu kwa jibu hilo. Nilikuwa nataka kuanzia mahali pasipo na mkono wa mtu. Anza na alama aliyoiacha mwenzako, hata kama huipendi. Ifuate uone itakapoishia.

Msikiti ule ulishabomolewa, ukajengwa wa matofali. Lakini kila nikitaka kuchora, kwanza napaka masizi vidoleni na kuviburuza kwenye karatasi, kwa kumkumbuka Mama Mkubwa.

Na ninyi wachoraji, wasusi, waandishi: mkono wako ulipogoma, nani alikuwa anakubebea maji? Mtajeni hapa chini. Nasoma polepole, lakini nitawasoma wote.