Alama Chini ya Mafuta

Munyao alikuwa mtu wa usafi uliopitiliza, na mkewe Mbithe alikuwa amekwisha kuchoka kumcheka. Baiskeli ikipiga kelele kidogo tu, yeye huifungua yote. Basi Jumanne ile aliporudi na bunduki mpya ya polisi wa akiba, majirani wa upande ule wa Mutha walijua kuwa hatatoka nyumbani.

Ilikuwa bunduki ya umbo la kizamani, ya kuvuta bolti kwa mkono kila unapotaka kupiga risasi, lakini haijawahi kutumika. Ndivyo alivyoambiwa kwenye ghala la silaha la polisi, akatia sahihi. Ilikuwa imepakwa yale mafuta mazito ya kiwandani, rangi ya asali iliyoungua.

Alitandika gunia kando ya banda la mbuzi, akaweka beseni la maji moto, mafuta ya taa, msasa na fulana kuukuu aliyoichana vipande. Akachomoa bolti, akavuta kitambaa ndani ya mtutu mara kumi na moja, mpaka kikatoka cheupe. Mafuta yakibaki humo, alimweleza Mbithe ambaye hakuwa ameuliza, risasi ya kwanza inaweza kukupasulia bunduki usoni.

Mtu mwingine angeishia hapo. Munyao alichukua bisibisi akafungua kile kibati kinachofunika kitako cha mbao, kwa sababu mafuta yalikuwa yamejipenyeza hadi huko. Akapangusa. Akapangusa tena, kisha mkono ukasimama.

Kwenye mbao palikuwa na mikato miwili iliyokutana chini, na juu yake tundu dogo lililochomwa kwa waya wa moto.

Mikato ile ni alama ya nyumba yao, aliyoichonga marehemu baba yao kwenye kila mzinga wa nyuki ili mtu asirine asali ya wenyewe akajidai amekosea mti. Wanawe walipopewa mizinga yao, kila mmoja aliongeza tundu lake: Munyao chini ya mikato, kaka yake Muindi juu.

Muindi naye aliwahi kuwa polisi wa akiba. Miaka saba iliyopita aliugua, na alisema aliirudisha bunduki ghalani kabla ya kwenda kupasuliwa. Ghalani wakasema hawajaiona. Karatasi hakuwa nayo. Kijiji kikaamua amewauzia wezi wa mifugo, na wa kwanza kuamua alikuwa Munyao. Ndiye aliyesimama kanisani akasema hana kaka. Mzee alikufa akiyaamini maneno hayo, na siku ya mazishi Munyao alifunga lango, Muindi akabaki barabarani na suti yake hadi kaburi likafukiwa. Kesho yake alirudi Kambu, ambako mpaka leo anaziba magurudumu ya malori.

Msasa ulikuwa hapo hapo juu ya gunia. Nitakuwa mwongo nikisema Munyao hakuutazama. Angesugua mara tatu tu, na hakuna ambaye angemwuliza.

"Baba Kanini, chai inapoa," Mbithe alisema, kisha akauona uso wake. "Nini? Imekukata?"

Akamwonyesha. Mbithe alizijua alama za mizinga kama anavyozijua sufuria zake. Aliingia ndani akatoka na Biblia ya mzee, iliyokuwa na ile barua ya kumfukuza Muindi kazi na namba ya bunduki iliyopotea. Wakapangusa chuma, wakasoma tarakimu moja moja. Ilikuwa namba ile ile.

"Ilikuwa huko tu," Munyao alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote hiyo. Ilipakwa mafuta pamoja na zile mpya."

Mbithe aliuokota msasa akaufunga kwenye pindo la leso, akatoa simu yake, akapiga na kumpa mumewe. Munyao hakujua kuwa mkewe alikuwa na namba ya Muindi.

"Mama Kanini, habari ya huko?" sauti ya Muindi iliuliza.

"Ni mimi," Munyao alisema.

Huko Kambu lori lilipita, mngurumo ukafifia.

"Muindi, ile bunduki yako. Uliweka alama?"

"Niliweka. Chini ya ile chuma ya nyuma, ndio mtu asinibadilishie. Kwani umeipata?"

"Ndio hii kwa mkono yangu. Wamenipatia kama mpya."

Munyao alifuta mafuta kwenye simu kwa kiwiko.

"Kuja nyumbani," alisema. "Nitasimama kanisa, niseme mbele ya watu wote."

"Usianze na kanisa," Muindi alisema. "Mzee yuko hapo nyuma ya nyumba. Anza na yeye."

Munyao aliinuka na bunduki isiyo na bolti, mafuta yakimchuruzika viganjani. Alipofika kaburini alipiga magoti, akakigeuza kitako ili ile alama imwelekee mzee.