Vidonge vya Mama

Mama na mwanamke mmoja Mtanzania wa kijiji cha Mwamgongo walifanyiwa upasuaji wa titi katika wiki moja, na vitanda vyao wodini vilikuwa jirani. Vinyama vya uvimbe vilipelekwa Mwanza kupimwa. Majibu yaliporudi, mwenzake alianzishiwa dripu za dawa kali. Mama akapewa vidonge tu.

Sisi tulikuwa wakimbizi, tumeingia nchini kutoka Burundi kupitia Kagunga, kijiji cha mpakani, na Mama hakujua Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

“Muulize daktari,” aliniambia kwa Kirundi, “ningekuwa Mtanzania, angeninyima dripu?”

 Niliogopa daktari angekasirika na kuturudisha kambini bila hata hivyo vidonge. Nilitaka kulainisha maneno, lakini Mama alikuwa akinitazama mdomoni. Nikayasema kama alivyoyasema.

 Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

“Mwambie saratani yake inalishwa na homoni za mwili wake. Vidonge hivi vinaikatia chakula. Ya jirani yake ni aina nyingine, vidonge havitaigusa. Hata angekuwa mama yangu mzazi, ningempa hivi hivi.”

Nilitafsiri polepole. Mama alimtazama daktari usoni kwa muda mrefu, halafu akanyoosha mkono apewe maji ya kumezea kidonge.

Kumbe hakuwa ameamini. Kwa miaka mitano alimeza kidonge kila asubuhi, huku akiniuliza kama siku ile nilitafsiri sawasawa. Leo ni mzima, na bado ananiuliza.