Taa Iliyogoma Mbele ya Mwalimu

Nicheke tu, msomaji. Mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Chuo chetu cha umeme hakikupi cheti mpaka ubuni chombo, ukiunde, na mwalimu akione kikifanya kazi. Mimi nilibuni taa nyekundu inayowaka maji ya kunywa yakipungua ndani ya pipa. Niliifunga kwenye jiko la mgodini, hapa Mpanda. Siku ya mtihani nilimwaga maji yote asubuhi, nikaiona ikiwaka vizuri, nikazima swichi, nikafunika pipa na kwenda stesheni kumpokea mwalimu.

Tuliporudi nikabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Nikadhani ni betri, nikaibadilisha. Nikadhani ni waya, nikaukata na kuuunga upya. Nikaanza hata kulishuku joto la Mpanda. Baada ya saa nzima chombo kilikuwa vipande vipande mezani, nami nilikuwa nimemweleza mwalimu kwa kirefu kwamba globu zinazoletwa huku ni mbovu.

Mwalimu akaomba maji. Mama Kalinde, mpishi wa pale, akafunua pipa na kuchota kata iliyojaa pomoni.

"Mama, nani katia maji humo?"

"Mimi, mwanangu. Mgeni anakuja, akute pipa tupu? Ulitaka kututia aibu wewe."

Mwalimu akanywa taratibu, akarudisha kata, akavitazama vile vipande.

"Kumbe ilikuwa nzima," akasema. "Haya bwana, iwashe sasa niione."