Chumba Alichotutandikia Binti Yetu

Majirani zetu wa mtaa wa Kitaji, hapa Musoma, wakiniuliza safari ya Australia ilikuwaje, nawaonyesha picha. Mimi na mume wangu Sydney, nyuma yetu daraja. Mimi na mume wangu Melbourne ndani ya tramu. Mimi na mume wangu ufukweni, tumevaa makoti. Wanasema tumekula raha uzeeni. Sijawaambia kwamba miji yote hiyo niliizunguka kwa sababu nilikuwa nakikimbia kitanda kimoja.

Binti yetu ni muuguzi, anaishi Wollongong, mji wa pwani kusini mwa Sydney. Mumewe ni mzungu mmoja mpole, fundi umeme. Walifunga ndoa Musoma, wakarudi zao, na baada ya miaka mitatu wakatualika. Binti alitupokea uwanja wa ndege, akatupeleka moja kwa moja kwake na kutufungulia mlango wa chumba cha wageni. Alikuwa amekipaka rangi kwa mikono yake. Juu ya kitanda kulikuwa na kitenge alichonunua Musoma, na chini jozi mbili za kandambili, yangu na ya baba yake.

Nikasema, "Pazuri sana, mwanangu." Halafu nikamwuliza kama karibu na hapo kuna gesti.

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Kula atakula, kucheka atacheka, lakini jua likianza kuzama anaaga. Mkwe asimwone amelala. Mimi nimelelewa Butiama na mama aliyekuwa akienda Bunda kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko, na kila mara alilala kwa jirani. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza. Niliiona heshima, ikanitosha. Ndiyo maana na mimi sikumweleza binti yangu. Nilidhani anajua. Nilisahau kwamba yeye amekulia mjini, akaenda bweni, akapanda ndege.

Mume wangu alininong'oneza kwamba nimeanza vituko. Yeye angelala pale bila wasiwasi wowote. Wanaume hawakosi mlango wa kutokea kwenye mila zetu.

Usiku huo tulilala hoteli. Asubuhi, ili nisionekane mkorofi, nikatunga uongo: nikasema nimetamani maisha yangu yote kuona miji ya Australia. Mwalimu mstaafu wa jiografia kama mimi, nani angembishia? Binti akachukua likizo, mumewe akabaki kazini, sisi watatu tukaingia garini, tukaanza na Sydney, kisha tukashika njia ya kusini.

Na kwa kweli nilifurahi. Kule Kiama bahari inaingia chini ya mwamba, inanguruma, kisha maji yanaruka juu kupitia tundu. Mume wangu alisogea karibu kuliko watu wote, akalowa hadi soksi. Sisi watu wa Musoma tumezoea mawe ndani ya ziwa, lakini mawe yetu yana adabu. Batemans Bay tukaletewa samaki waliokatwa vipande, na mume wangu akagoma. "Samaki bila kichwa utajuaje ni nani?" Shakwe akaumaliza ubishi kwa kuondoka na kipande chake. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Melbourne haina huruma. Nilivaa sweta mbili na bado nikatetemeka.

Ila kila tulipopewa funguo za hoteli, binti yangu alizidi kupunguza maneno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikisikia, nikajifanya natazama mandhari.

Njiani kurudi tulisimama tena Batemans Bay. Mume wangu akaenda kukagua boti za wavuvi, sisi wawili tukakaa kwenye benchi.

"Mama, mume wangu amekukosea nini?"

"Nani kasema amenikosea?"

"Hoteli zote hizi unalala, kwangu tu ndo hulali. Yeye mwenyewe kaniuliza, nimekosa jibu. Mi nilikuwaga nafikiri ukimzoea utampenda. Kama ni kwa sababu ni mzungu, niambie tu nijue."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamweleza yote, ya bibi yake, ya Bunda, ya jirani. "Simchukii," nikamwambia. "Ningemdharau, ningelala hata sebuleni kwake."

"Sasa Mama, si ungesema?"

"Mambo haya hayasemwagi."

Alicheka kidogo, kisha akafuta macho. "Wiki nzima nilikuwa napaka rangi kile chumba." Niliuma midomo, nikatazama maji.

Mume wangu aliporudi, akasikiliza pande zote mbili kama mzee wa baraza. "Mila imesema usiku," akatamka. "Mchana haijasema kitu."

Tulifika Wollongong siku moja kabla ya kuondoka, saa saba mchana. Tukala. Mume wangu akabaki jikoni na gazeti la Kiingereza asiloweza kulisoma vizuri. Mimi nikaingia kile chumba, nikavua viatu, nikapanda kitandani. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Binti yangu akajilaza ubavuni mwangu, mguu wake juu ya wangu, hivyo hivyo alivyozoea kulala utotoni akiwa na homa. Nilipanga kufumba macho tu, lakini nikasinzia kabisa.

Nilipoamka mvua ilikuwa inanyesha. Dirishani nikaona, ng'ambo ya barabara, mkwe wangu amekaa ndani ya gari lake na nguo za kazi, anatafuna mkate mkavu.

"Yuko pale tangu lini?"

"Karibu masaa mawili," binti akasema. "Nilimweleza mambo ya kwetu kwenye simu. Kasema haingii mpaka uamke, asije akakukuta umelala."

Nililia, wala sifichi. Wiki nzima nilikuwa nampa mtu huyu heshima ambayo yeye aliiona kama kofi, na siku aliyoelewa tu, aliirudisha yote mvuani. Nilivaa viatu, nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda kumfungulia mlango mwenyewe.

"Karibu ndani, baba," nikamwambia, kwenye nyumba yake.