Zamu ya Patrice

Kwenye pampu za mgodi, pale Likasi, mtu akifiwa, mwenzake alishika zamu yake. Hakuna aliyeomba barua. Floribert aliikuta desturi hiyo alipoajiriwa angali kijana: funguo zilitiwa mkononi, mfiwa akaenda kulia, basi.

Kwa hiyo mama yake Patrice alipofariki kule Kapolowe, Floribert aliichukua simu ya kazi ya mwenzake. Siku hizi pampu za kutoa maji shimoni zinaendeshwa kwa simu hiyo, hata mtu akiwa nyumbani kwake mtaani Kikula.

"Nenda ukazike," alimwambia. "Mengine niachie minye."

Jumamosi asubuhi simu ilidai uso wa Patrice. Floribert akaipa wake. Ikakataa. Akakipangusa kioo kwa shati, akajaribu tena, na tena. Ikajifunga kabisa, huku maji yakipanda shimoni.

Aliingia ofisini kwa hasira. Jessy, binti wa jirani yake, ndiye injinia wa kompyuta.

"Papa Flori, umefanya nini? Système ya pampu inasema weye ni mwizi."

"Mwizi? Minye? Weye Jessy niliyekubeba mgongoni?"

"Najua, papa. Lakini hii haiamini muntu. Hata ukiwa ndani ya kiwanda, kila mulango inakuuliza weye ni nani. Mwaka jana muntu wa mbali aliingia na mot de passe, neno ya siri ya chauffeur moja, akazimisha pampu zote."

"Basi nipe ruhusa yangu."

"Inatoka Lubumbashi, lundi, kesho kutwa."

"Fungua weye!"

"Minye niko na ruhusa ya kuangalia tu."

"Kumbe na weye hawakuamini!"

Jessy hakucheka. "Patrice akuje hapa mwenyewe, leo; simu ikijifunga inafunguliwa hapa tu, kwa uso yake. Maji ikifika kwa mashine, watamufukuza."

Miaka yote hiyo ya kuaminiana, na sasa wanaitwa wezi na kitu kisichojua hata maana ya kilio! Floribert alipanda pikipiki ya kukodi hadi Kapolowe, vumbi na matusi vikimjaa kinywani.

Jeneza lilikuwa limeshafika kaburini. Alimvuta Patrice kando, akamweleza. Patrice hakumlaumu. Alilitazama jeneza, kisha pikipiki.

"Mama iko hapa, Flori."

"Naona."

"Na watoto wangu wanakula hiyo pampu."

Alipiga goti, akaugusa ubao wa jeneza kwa kiganja, akapanda pikipiki na kuondoka bila kugeuka.

"Mutoto wa kiume anakimbia wapi?" mjomba wa Patrice alifoka. "Nani atashika kamba ya kichwani, kumushusha mama yake?"

"Ni minye," Floribert alisema. "Minye niko kwa nafasi yake."

Mjomba alimkagua kidogo, akamsogezea kamba. Floribert alimteremsha mama wa mwenzake taratibu, kamba ikimkata viganja, huku moyoni akiwalaani wote waliomtenga mtu na maiti yake kwa ajili ya kioo cha simu.